Mtoto Achague, Mwalimu Aandae

Chukua ratiba ya darasa lako la awali, uipitie tangu watoto wanapopanga mstari asubuhi hadi wanapokuja kuchukuliwa, na utafute jambo moja tu: ni wapi katika saa hizo mtoto ameachiwa kuamua afanye nini, afanye na nani, kwa kutumia kitu gani, na aache lini. Katika madarasa mengi ya Tanzania na Kenya muda huo haumo. Ukiwamo, basi ni wakati wa mapumziko, watoto wakiwa uwanjani na mwalimu akiwa ofisini na rundo la madaftari. Darasani mtoto huimba anapoimbishwa, huhesabu moja hadi ishirini kwa sauti ya kundi zima, hufuatisha irabu zilizoandikwa ubaoni, na hupaka rangi picha ya tufaha ambalo pengine hajawahi kulila. Mwongozo huu unakuomba ubadilishe sehemu ya asubuhi hiyo, si asubuhi nzima. Hoja yake ni kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 6 hujifunza kwa kina zaidi kupitia kazi aliyoichagua mwenyewe, ila uchaguzi huo huzaa pale tu mtu mzima alipouandaa kabla na anapousindikiza ukiendelea. Pande zote mbili za hoja hii zina uthibitisho, na inafaa kuupitia kwanza, kwa sababu mwalimu asiyejua kwa nini anafanya jambo huliacha mzazi wa kwanza anapolalamika.

Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake, watafiti wa saikolojia nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu wa chekechea angefaa kulijua. Walitengeneza kichezeo cha mabomba chenye mambo manne yaliyofichika: sehemu moja ilitoa mlio, nyingine iliwaka taa, nyingine ilipiga muziki, na nyingine ilikuwa na kioo ndani. Baadhi ya watoto walionyeshwa ule mlio na mtu mzima aliyewaambia kwamba anakijua kichezeo hicho na atawaonyesha kinavyofanya kazi. Wengine walimwona mtu mzima akiugundua mlio kana kwamba ni kwa bahati, au hawakuonyeshwa lolote. Kisha kila mtoto aliachiwa kichezeo. Waliofundishwa waliurudiarudia mlio, wakacheza kwa muda mfupi zaidi, na wakagundua mambo machache kuliko wenzao. Hawakuwa wavivu, walifikiri vizuri kabisa. Kama anayekijua kitu amenionyesha jambo moja tu, bila shaka hakuna la pili. Ndivyo inavyokuwa ukiwagawia watoto udongo wa mfinyanzi na kuwaambia leo tunafinyanga kikombe. Utapata vikombe arobaini vinavyofanana, na hakuna mtoto atakayegundua kwamba udongo ukizidi maji haushiki, au kwamba kipande kikavu hakigandi kwenye kibichi, kwa kuwa hukumwachia nafasi ya kuuharibu.

Jaribio la zamani zaidi linahusu zawadi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwatazama watoto wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kuombwa. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri kama lingechora, likachora, likapewa. Wiki moja hadi mbili baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, watoto hao walizitumia kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kazi iliyokuwa ya kupendeza ilikuwa imegeuka kuwa ya malipo. Hapa kuna ushauri wa kwanza wa vitendo: usimlipe mtoto kwa jambo ambalo tayari analipenda. Biskuti, nyota usoni na makofi ya darasa zima viwekwe kando wakati wa kazi za hiari. Badala yake mwambie ulichokiona: umeweka vifuu vikubwa chini na vidogo juu, mnara haukuanguka. Maneno hayo humwonyesha kwamba umemtazama, na humpa lugha ya kuielezea kazi yake.

Ukiishia kwenye majaribio hayo mawili unaweza kudhani mwalimu anatakiwa kuketi na kunyamaza. Haiwi hivyo. Mwaka uleule wa 2011 Louis Alfieri na wenzake walikusanya tafiti 164, za wanafunzi wa rika mbalimbali, zilizolinganisha kumwacha mwanafunzi agundue mwenyewe na kumfundisha kwa njia nyingine. Walioachwa bila msaada walijifunza kidogo kuliko waliofundishwa waziwazi. Lakini waliogundua huku wakisaidiwa kwa maswali, mrejesho, mifano au kazi iliyopangwa vyema walifanya vizuri kuliko waliofundishwa kwa njia nyingine. Mwaka 2022 Kayleigh Skene na wenzake walipitia tafiti za watoto wadogo hasa, wakakuta kwamba mchezo wenye mwongozo wa mtu mzima ulizidi ufundishaji wa moja kwa moja katika hesabu za awali, katika kutambua maumbo, na katika uwezo wa mtoto kuacha kanuni moja na kushika nyingine. Katika mambo mengine hawakuona tofauti ya wazi. Kwa hiyo anayesema waache wacheze tu watajua wenyewe hana pa kuegemea, na anayesema wakae kimya wafuatishe ubao naye hana. Kazi iko katikati, na ni kazi ngumu kuliko pande zote mbili.

Mbinu hii si mpya wala haikuzaliwa kwenye shule za matajiri. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Rome. Yeye mwenyewe alieleza jinsi siku moja kabati la zana lilivyosahauliwa wazi, na watoto wakachukua kila mmoja alichokitaka na kuanza kazi. Mwalimu aliona kosa la kuadhibiwa. Montessori akaona kwamba watoto wamekwisha kuzijua zana na wanaweza kuchagua. Tangu hapo akaweka makabati mafupi yasiyofungwa. Tukio hilo linatugusa sana, kwa sababu katika shule zetu nyingi vichezeo vichache vilivyopatikana kwa msaada hufungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu visije vikaharibika, na mtoto humaliza mwaka bila kuvishika. Kichezeo kizima ndani ya kabati hakijamfundisha mtu kitu.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake, na ni wa kwetu kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa jamii ya Waislamu wa pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan wasiwasi wao kwamba watoto wao hawafiki mbali katika shule za kawaida. Juhudi zilizofuata, zikiongozwa na mwalimu Bi Swafiya Said, zilizaa shule za awali za madrasa Mombasa, kisha Zanzibar na Uganda. Shule hizi zilichukua mbinu ya HighScope, iliyobuniwa na David Weikart na wenzake huko Ypsilanti, Michigan, ambamo mtoto hupanga atakachofanya, hukifanya, kisha husimulia alivyofanya. Zikaiunganisha na mafunzo ya dini, na zana zikatengenezwa na walimu na akina mama kwa vitu vya karibu: vifuu, mbegu, vitambaa, makuti, chupa tupu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg ilikuta kwamba watoto waliopitia shule yoyote ya awali waliwazidi waliobaki nyumbani, na kwamba wa shule hizi za madrasa waliwazidi wenzao wa shule nyingine za awali. Zilikuwa shule za vijijini na mitaani, zinazoendeshwa na jamii, bila fedha nyingi. Mtu akikuambia mambo haya ni ya Wazungu, mwelekeze Mombasa.

Sasa tuje darasani kwako. Anza na kona nne, na kila kona iwe na vitu vya kutosha vya aina chache. Kona ya ujenzi inahitaji vipande vya mbao: fundi seremala ana mabaki ambayo kwa kawaida huishia jikoni kama kuni, na ukiyapiga msasa vizuri yatadumu miaka. Kona ya nyumbani inahitaji sufuria kuukuu, mwiko, ungo mdogo, kanga, ndoo, simu mbovu iliyotolewa betri. Watoto wataicheza michezo ambayo Kenya huiita kalongolongo na Tanzania kupikapika, na humo ndimo wanamozungumza zaidi kuliko mahali popote. Kona ya mchanga na maji, au ya mbegu na makopo, ndiyo darasa la hesabu: makopo ya ukubwa tofauti, kata, faneli iliyokatwa kutoka chupa ya maji. Kona ya nne iwe ya vitabu na kuchora, yenye karatasi zilizotumika upande mmoja, makaa, chaki na vitabu vichache vyenye picha. Kila kitu kikae chini, mahali mtoto anapofika kwa mkono wake, na kiwe na alama ya mahali pake, hata mchoro wa sufuria kwenye kipande cha boksi, ili mtoto akirudishe mwenyewe. Vibandiko na chati za alfabeti zishushwe. Zimetundikwa karibu na dari kwa macho ya mkaguzi.

Usalama usiuchukulie juujuu. Mtoto aliye chini ya miaka 3 asipewe mbegu, vizibo wala shanga, kwa kuwa huviingiza mdomoni na puani. Hata kwa wakubwa zaidi kona ya mbegu iwe karibu na macho yako. Kingo za vizibo vya soda zigongwe zilale. Maji yawe kwenye beseni la kina kifupi, na ndoo iliyojaa isiachwe hata dakika moja, maana mtoto mdogo huweza kuzama kwenye maji kidogo sana. Kopo lililowahi kubeba dawa ya mifugo, ya mimea au ya kuulia wadudu lisiingie darasani hata likioshwa mara ngapi.

Muda ndio kitu ambacho watu hukisahau. Dakika kumi za kona hazifai kitu, kwa sababu mtoto hutumia zote kuamua. Anza na nusu saa, na ndani ya wiki chache ufike dakika 45 hadi saa moja, mfululizo, bila kengele ya kuhamisha watu. Kabla ya kuanza, wakusanye kwenye mkeka na waulize wachache wanataka kwenda wapi na kufanya nini huko. Mwanzoni watajibu kwa kidole tu. Baada ya mwezi utasikia mipango yenye hatua mbili au tatu. Baada ya kazi, na baada ya kila kitu kurudishwa, wakusanye tena dakika kumi, watatu au wanne wasimulie walichofanya na kilichowashinda. Watu huviona vipindi hivi viwili vya mkekani kama mapambo, na huvikata siku ikiwa fupi. Visikatwe. Kupanga humfanya mtoto ashike wazo kichwani kabla ya kulitenda, na kusimulia humfanya aliweke jambo lililopita katika mpangilio wa maneno. Mambo yote mawili ni msingi wa kusoma na kuandika. Mtoto anayezungumza Kisukuma, Kigogo au Kigiryama nyumbani aruhusiwe kutumia lugha hiyo kwenye kona, na wewe umrudishie wazo lake kwa Kiswahili.

Ukiwa umewaachia, wewe unafanya nini? Hukai ofisini, na hupiti ukisema vizuri, vizuri. Kila siku andika majina ya watoto watano kwenye daftari lako dogo na uwatazame hao kuliko wengine. Ukiwa na watoto 50, ndani ya siku kumi za shule umemwona kila mmoja, jambo ambalo mitihani ya kila mwezi haikupi. Andika ulichokiona kwa maneno ya kawaida: amemimina mara nne hadi kopo likajaa, kamnyang'anya mwenzake mwiko, kahesabu hadi sita akaruka saba. Ukitaka kuingia kwenye mchezo, subiri kwanza. Watu wazima huingia mapema mno, dakika ileile mtoto alipokuwa karibu kutatua jambo. Ukiona amekwama kweli na anakaribia kukata tamaa, eleza unachokiona. Kisha uliza swali ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu lake, kama vile unadhani kwa nini mnara unaanguka, au tufanyeje ili maji yafike kule. Swali la hii ni rangi gani mtoto hulitambua upesi kuwa ni mtihani, naye huacha kuzungumza. Na pale panapohitaji kuonyeshwa, onyesha: namna ya kushika mkasi, namna ya kukunja karatasi. Onyesha kwa ufupi, bila maneno mengi, kisha uondoe mkono.

Pingamizi la kwanza utakalokutana nalo ni idadi. Kiwango kinachotajwa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na madarasa mengi ya serikali yana mara mbili au tatu ya hao. Ni kweli kwamba hali hii inaumiza, na hakuna mbinu inayoifanya iwe sawa. Serikali inadaiwa walimu. Lakini angalia jinsi darasa la watoto 60 linavyoendeshwa sasa: wote wanamsikiliza mtu mmoja, wa mbele wanaitikia, wa nyuma wanapigana viwiko, na nusu ya nguvu ya mwalimu inakwenda kwenye kunyamazisha. Watoto walewale wakigawanywa kwenye kona sita, ndani na chini ya mwembe, kila mtoto ana kazi mkononi na mwalimu anapata nafasi ya kuzungumza na watano ana kwa ana. Ili kona zisijae, piga misumari kumi kwenye ubao wa kila kona, na mpe kila mtoto kadi ya boksi yenye tundu na jina lake. Misumari ikijaa, kona imejaa. Ndani ya mwezi mmoja watoto watayasoma majina yao na ya marafiki zao kwa sababu wanayahitaji. Omba kamati ya shule itoe mzazi mmoja kwa zamu kila siku, na mweleze kazi yake: kutazama usalama na kujibu anapoulizwa, si kupanga watoto.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la kusoma, kuandika na kuhesabu. Mzazi anataka daftari lililojaa, na shule kadhaa za msingi za binafsi huwafanyia usaili watoto wa miaka 5 na 6. Hapa lazima kusemwe jambo ambalo wapenzi wa mbinu hii hulikwepa: herufi hazigunduliwi. Hakuna mtoto atakayecheza na mbegu mpaka ajue kwamba alama hii inatamkwa /m/. Hilo hufundishwa, na unapaswa kulifundisha, dakika kumi au kumi na tano kila siku kwa kundi: michezo ya sauti, nani jina lake linaanza kama la Musa, kuchora herufi mchangani kwa kidole, vitendawili. Mabishano ni juu ya kiasi na haraka. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha usomaji wa watoto wa lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa darasa la kwanza watoto wa Finland, ambako sauti na herufi hulingana na shule huanza wakiwa na miaka 7, walisoma sawasawa maneno ya kawaida kwa asilimia 98. Watoto wa Scotland, waliokuwa wadogo kwa umri na waliokuwa wakisoma Kiingereza, walifika asilimia 34. Kiswahili kimekaa upande wa Kifini. Mtoto akishazijua sauti na akaweza kuziunganisha kuwa silabi, anaweza kusoma takriban kila neno analoliona. Mzigo huo ni mwepesi kwa mtoto wa darasa la kwanza mwenye masikio yaliyozoezwa na msamiati mpana, na hakuna sababu ya kumpigisha mtoto wa miaka 4 mistari ya ba be bi bo bu kwa saa mbili. Utafiti wa Sebastian Suggate na wenzake nchini New Zealand, uliochapishwa 2013, ulikuta kwamba walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 7 walikuwa wamewafikia walioanza na miaka 5 walipofika takriban miaka 11.

Na kwa wanaohofia kwamba kuchagua kutawachelewesha watoto katika masomo yenyewe, kuna utafiti wa Angeline Lillard na wenzake wa mwaka 2017 katika jiji la Hartford, Connecticut. Watoto 141 walikuwa wameomba nafasi katika shule mbili za umma za Montessori, na nafasi ziligawiwa kwa bahati nasibu, hivyo waliopata na waliokosa walilinganishwa bila kutofautishwa na ari au fedha za wazazi wao. Walianza sawa. Ndani ya miaka mitatu waliopata nafasi walipanda zaidi katika alama za masomo, na pengo kati ya watoto wa familia zenye kipato kidogo na wenzao likapungua. Kumbuka lakini kwamba darasa la Montessori lina zana zenye mpangilio mkali na walimu waliofunzwa. Uhuru wake una mipaka inayojulikana. Ukitaka kujipima mwenyewe, usihesabu kurasa za daftari. Mwombe mtoto anayeimba moja hadi ishirini akupe mbegu saba. Wengi watakupa konzi nzima, na hapo utajua kwamba wimbo wa namba haujawa idadi. Anayepika kwenye kona ya nyumbani na kugawa sahani saba kwa watu saba ameshafika.

Pingamizi la tatu ni la adabu, na husemwa na watu wenye nia njema: samaki mkunje angali mbichi, mtoto aliyezoea kuchagua atakuwa mkaidi. Wanaosema hivyo wana haki ya kudai adabu, ila wanakosea kuhusu inakopatikana. Kwenye kona mtoto lazima asubiri msumari mtupu, arudishe alichotoa, aombe badala ya kunyang'anya, na amalize ugomvi kwa maneno huku mwalimu akisimama karibu. Darasani anakokaa kimya kwa kuogopa fimbo hafanyi hata moja ya hayo. Ananyamaza tu, na fimbo ikitoka nje ya mlango na adabu inatoka nayo. Weka kanuni tatu au nne zisizobadilika: hatuumizani, hatuharibu kazi ya mwenzetu, tunarudisha, tunamwamkia mkubwa anapoingia. Mtoto anayezivunja aondolewe kwenye kona hiyo kwa siku ile, bila kelele, na kesho aanze upya. Vilevile kuna mambo ambayo hayachaguliwi, nayo mtoto aambiwe wazi: kunawa mikono, kula, kutovuka barabara peke yake.

Kwa wazazi, usisubiri walalamike. Waite mapema muhula unapoanza, isiwe siku ya soko, na badala ya hotuba waache wenyewe wakae kwenye kona nusu saa, wajenge, wapime mchanga, kisha uwaulize wamefikiria nini. Tuma nyumbani kila mwezi kazi moja ya mtoto, mchoro wake ukiwa na maneno aliyoyasema yeye, uliyoyaandika chini yake neno kwa neno. Mzazi akiona sentensi ya mwanawe kwa mwandiko wa mwalimu huanza kulisahau lile daftari lililojaa. Nyumbani napo hapahitaji kona wala vifaa. Mtoto anapotaka kuchambua mchele, kufagia kwa ufagio mfupi au kumenya vitunguu saumu, mpe nafasi hata kama kazi itachelewa, na dada anayemlea aelezwe hivyo pia, maana mara nyingi anamwashia runinga kwa kuogopa kugombezwa kwa uchafu. Kazi ya nyumbani ambayo mtoto ameiomba mwenyewe ina hesabu, mpangilio na lugha ndani yake.

Wiki mbili za mwanzo zitakuwa za fujo. Watoto waliozoea kuamrishwa watakimbilia kona moja, watamwaga mchanga, watakuuliza wafanye nini kila dakika, na jirani wa darasa la pili atalalamika kelele. Walimu wengi huacha hapo na kusema mbinu imeshindwa. Usiongeze vifaa katika wiki hizo. Vipunguze, rudia kanuni zilezile, na fupisha muda kidogo ukibidi. Kwa kawaida kufikia wiki ya tatu au ya nne utaona watoto wakikaa kwenye kazi moja kwa dakika kumi na zaidi, na hapo daftari lako litaanza kuwa na mambo ya kuandika.

Nanyi walimu wakuu na maofisa elimu kata mnaosoma haya, mpeni mwalimu wa awali muhula mmoja kabla ya kumdai madaftari. Mkija kumkagua, mwombeni daftari lake la kuwatazama watoto, muulizeni mtoto yeyote leo amepanga kufanya nini, na vichezeo vilivyoko ofisini vikabidhiwe darasani wiki hii.